Chumvi ya Mwisho

Sikuanza kupika kwa kupenda mapishi. Nilianza kwa sababu ya usingizi. Mchana nashinda mbele ya kompyuta, jioni nahamia kwenye simu, na saa nane za usiku bado naikodolea macho dari. Chakula tulikuwa tunaagiza. Kinakuja ndani ya mfuko, kila mtu anachukua chake na kwenda kulia kivyake. Ninaposema kila mtu, tulikuwa wawili tu: mimi na baba, aliyehamia kwangu mama alipofariki. Baba hajawahi kuwa mzungumzaji, na baada ya msiba hata yale maneno yake machache yalikauka. Asubuhi shikamoo, marahaba. Jioni "umerudi?", "nimerudi". Basi.

Siku moja mfuko ulichelewa mno. Jikoni palikuwa na vitunguu vitatu vilivyoanza kuchipua, nikaamua kuvikata kabla havijaoza, bila kujua nitavifanyia nini. Kisu kilikuwa butu. Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda, na kadiri unavyokiponda ndivyo kinavyotoa kwa wingi ile hewa inayochoma macho. Nililia hasa. Baba akapita mlangoni, akaniona machozi yananitiririka, akageuka upesi kurudi chumbani. Alidhani namlilia mama. Nilitaka kumwita nimwambie ni kitunguu tu, nikashindwa kuanza.

Kesho yake nilikuta kisu kimenolewa. Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Nikakata vingine. Safari hii nilivikaanga kwa moto mdogo, na hapo ndipo nilipogundua kilichokuwa kinanifaa. Kitunguu ukitaka kiwe laini na rangi ya hudhurungi, kitakuchukua dakika 40 au zaidi, na hakuna njia ya mkato. Niliijaribu, nikaongeza moto, kikaungua kingo huku katikati kikiwa kibichi. Inabidi usimame hapo. Mwiko mkono mmoja, mkono mwingine una mafuta, simu huwezi kuishika. Masikio nayo yanapata kazi: mwanzoni sufuria inatoa sauti nzito ya maji, baadaye maji yakiisha sauti inakuwa nyembamba na kali, na hiyo ndiyo ishara ya kukoroga mara kwa mara. Siku ya kwanza nilipoisikia ile sauti ikibadilika, nilishtuka kuona kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimeiwazia kazi hata kidogo.

Sitasema nililala fofofo usiku huo. Sikulala. Ilikuwa kama wiki ya tatu nilipoamka asubuhi na kushangaa kwamba sikukumbuka kuitazama saa usiku. Katikati hapo nilipika wali uliokuwa uji, na jioni nilizorudi na hasira nilipika vibaya zaidi, kwa kuwa nilikuwa namalizia hasira zangu kwenye sufuria. Nikajiwekea masharti mawili: simu inabaki chumbani, na chakula ni cha sufuria moja. Siku nikichoka, mayai yanatosha. Wanaosema upishi unatuliza mara nyingi wanasahau kutaja vyombo. Mimi vyombo bado vinaniudhi, ila nimejifunza kuviosha wakati sufuria inatokota.

Sasa maharage. Jumamosi moja niliyamwaga mezani niyachambue, baba akavuta kiti, akaanza kutoa vijiwe na punje zilizosinyaa. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko yangu. Tulikaa hivyo nusu saa, kila mmoja akitazama rundo lake, na nadhani hilo ndilo lililomsaidia: hakulazimika kunitazama usoni. Akauliza habari za kazi. Nikamjibu kwa urefu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miezi kadhaa.

Tuligombana nilipochukua chumvi. Nilikuwa nataka kuyaloweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita.

"Mwanangu, chumvi inatiwa mwisho," akasema. "Ukiitia mapema yanakuwa magumu."

Nikamweleza kwamba ni kinyume chake. Maganda hukazwa na kalisiamu na magnesiamu iliyomo ndani yake, na sodiamu ya chumvi huchukua nafasi hiyo, ndiyo maana yanalainika. Kinachochelewesha maharage kuiva ni kitu chenye asidi, kama nyanya, ukikitia mapema.

"Mama yako alitia mwisho."

Hoja hiyo haina jibu. Nikachukua bakuli mbili: yangu nikayaloweka kwa chumvi, yake bila chumvi.

Asubuhi nilimwaga maji ya kulowekea ya bakuli zote mbili, nikatia maji mapya, nikaacha yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hili si la kupuuza kwa maharage mekundu: yakiwa mabichi yana sumu inayoharibu tumbo, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Kisha tukangoja. Baba akawa anainua mifuniko, anaponda punje moja kwa vidole, anarudisha mfuniko, anaketi. Yangu yaliwahi kulainika. Yake akayatia chumvi mwishoni, taratibu, kama mtu anayehesabu.

Akaonja ya kwangu. "Haya ni mazuri zaidi," akasema. Kisha akajipakulia yale mengine, akala, akaongeza.

Nikamuuliza kwa nini mama alishikilia sana ile chumvi ya mwisho. Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu ahamie. Kumbe mwaka wao wa kwanza wa ndoa mama aliinjika maharage, akatia chumvi, akatoka uani. Baba akapita, akataka kusaidia, naye akatia. Mama aliporudi hakuwa na uhakika kama alishatia, akaongeza. Na walikuwa na wageni. Tangu siku hiyo mama aliweka amri: chumvi ni mwisho, na anayeitia ni yeye peke yake. Habari ya maharage kuwa magumu aliiongeza baadaye, ili isionekane kwamba anamfukuza mumewe jikoni.

Tulikaa mezani hadi chakula kikapoa. Alikuwa na visa vingine.

Siku hizi maharage ni kila Jumamosi. Nayaloweka kwa chumvi kama nilivyozoea, ila napunguza kidogo, kwa sababu najua yakikaribia kuiva atasimama, atafunua sufuria, na atakuja na kijiko chake.