Usiishie kwenye mkeka: Arboretum ya Nairobi kwa anayetaka kuijua miti

Jumapili alasiri Arboretum ya Nairobi, yaani bustani ya miti, hufurika. Mikeka imetandazwa kila penye nyasi, wahubiri wanamkemea shetani chini ya miti, maharusi wanapigwa picha, na tumbili wanazunguka wakipima ni nani amejisahau. Hakuna ubaya, bustani ni ya umma. Lakini aliyekwenda kwa ajili ya miti atachoka bure siku hiyo. Nenda siku ya kazi, au Jumamosi asubuhi na mapema. Eneo lote ni kama hekta 30 tu, hivyo saa tatu za kutembea polepole zinatosha, na kutoka katikati ya mji unafika kwa miguu ukifuata State House Road.

Inafaa kujua kwanza kwa nini miti hii iko pale, la sivyo mpangilio wake utakuchanganya. Bustani ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu injini za mvuke za Reli ya Uganda zilikuwa zikila kuni nyingi mno. Ndiyo maana mikaratusi ya Australia na misonobari imesimama bega kwa bega na miti ya asili ya Kenya. Mwaka 1932 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu, na leo ina zaidi ya spishi 350 chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Kiingilio hulipwa kwa simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na pesa kabla ya kufika langoni. Viwango vinatofautiana kati ya mkazi na mgeni, mtu mzima na mtoto, kwa hiyo beba kitambulisho. Wanaopiga picha za biashara hulipa zaidi, na kamera kubwa yenye stendi inatosha kumfanya askari akuulize. Usielekeze kamera upande wa Ikulu, ambayo ni jirani. Chupa ya maji iwe ya kutumika tena: plastiki za matumizi ya mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini tangu tarehe 5 Juni 2020.

Sasa miti. Kosa la kawaida ni kuamini kibao bila kuuangalia mti. Kibao kilichopigiliwa msumari hakipandi juu mti unaporefuka, ila shina linaponenepa gamba hukimeza pembeni taratibu hadi maandishi yanakatika au kibao kinapasuka na kuanguka. Kikiokotwa, mara nyingine huegemezwa kwenye mti wa jirani. Soma jina la kisayansi, lile la maneno mawili, kisha thibitisha kwa jani. Okota lililoanguka chini, usichume.

Anza na mukinduri (Croton megalocarpus), maana umejaa Nairobi nzima na ukishaujua huusahau. Jani lake ni kijani juu na lina rangi ya fedha chini, na likizeeka hugeuka rangi ya chungwa, kwa hiyo chini ya mti utaona rangi zote tatu kwa pamoja. Jani la mkaratusi lifikiche vidoleni, harufu itakwambia kabla ya macho. La mueri (Prunus africana) nalo ukilifikicha linanukia lozi chungu, usilionje. Muhugu (Brachylaena huillensis), ule wa kuchongea vinyago, jani lake ligeuze tu: mgongo wake ni mweupe kama uliopakwa unga. Kwa msonobari, hesabu sindano zinazotoka kwenye kikonyo kimoja, kisha tazama kama zimesimama au zinaning'inia. Msonobari wa Meksiko uliopandwa sana Kenya huwa na sindano tatu kwa kawaida, nyembamba, zilizolegea.

Kwenye muthiga (Warburgia ugandensis) na mueri angalia makovu shinani. Gamba la muthiga linatafutwa kwa dawa ya kikohozi na la mueri kwa dawa ya tezi dume. Anayebandua kipande upande mmoja huacha jeraha ambalo mti unaweza kulifunga. Anayebandua kuzunguka shina zima ameua mti, hata kama utabaki na majani kwa miezi: chakula kinachotengenezwa majanini hushuka kupitia tabaka la ndani ya gamba, na likikatika mizizi hufa njaa. Ukimwona mtu ana panga na gunia, mwite askari, usibishane naye.

Usitandike mkeka chini ya mkaratusi mkubwa. Huangusha tawi zima hata siku tulivu yenye joto, bila upepo wala onyo. Kabla ya kukaa popote, hasa mvua zikiwa zimeanza, kagua nyasi hatua kadhaa kila upande kutafuta msafara wa siafu. Wakikupanda, ondoka hapo kwanza ndipo uwatoe mmoja mmoja. Ukisimama papo hapo kuwapangusa, wengine wanaendelea kupanda. Misimu hiyo pia hutokea nzi wa Nairobi, mdudu mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi. Hang'ati. Sumu iko mwilini mwake, na ukimponda ngozi hubabuka. Mpulize aondoke, kisha nawa kwa sabuni.

Nyani unaowasikia watu wakiwataja si nyani. Wapo kima, wenye manyoya meupe kooni, na tumbili, wenye uso mweusi uliozungushiwa weupe. Wamekuwa wezi kwa sababu wanalishwa. Mlio wa karatasi ya krispi wanaujua, na mtoto mwenye ndizi mkononi ndiye anayelengwa kwanza. Chakula kikae ndani ya begi lenye zipu, begi likae mapajani, wala si nyuma yako. Tumbili akishika kitu, kiache; wanaovutana naye ndio wanaoumwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata mkwaruzo mdogo.

Viatu: udongo wa Nairobi ni mfinyanzi mwekundu, na mvua ikinyesha njia za kushuka mtoni huteleza vibaya. Raba zenye soli laini hazifai.

Ukitaka kukimbia au kuendesha baiskeli, nenda Karura, hapa patakuudhi. Ule ni msitu wa hekta 1,041 hivi, una maporomoko, mapango, na njia panda zenye namba. Piga picha ramani iliyo langoni kabla ya kuingia, kwa sababu njia zinafanana na mtandao wa simu hukatika kwenye mabonde. Ukipotea, soma namba ya njia panda uliyopo, ilinganishe na picha, kisha chagua namba inayofuata. Anza kurudi ifikapo saa kumi na nusu: jua huzama baada ya saa kumi na mbili, ila chini ya miti giza hutangulia.