Walisema umri umepita

Nilikuwa na miaka 57, namwonyesha mwanafunzi wa kidato cha pili jinsi ya kudaka mpira wa netiboli hewani, nikatua vibaya. Goti likalia "ta!" Jioni lilikuwa limevimba tii. Uvimbe ulipoisha kikabaki kitu kibaya zaidi: nikigeuka ghafla, goti linachomoka.

Daktari wa kwanza alisoma umri wangu kwenye kadi kabla hajaugusa mguu. "Mama, tembea taratibu, utazoea." Iliniuma sana. Mwalimu wa michezo azoee nini?

Bingwa wa mifupa niliyemwona baadaye alinilaza, akalikunja goti kidogo, mkono mmoja ukashika paja, wa pili ukavuta muundi kwa mbele. Muundi ukateleza. Akafanya hivyo kwenye mguu usioumia, muundi ukagoma palepale. "Mwalimu, kano ya mbele, ile ya ndani ya goti inayouzuia muundi usiteleze mbele, imekatika." Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, kikathibitisha. Yeye alikuwa na wasiwasi na gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa: kama limesagika, kano mpya haitaondoa maumivu. Langu lilikuwa bado zuri. Akaniuliza ninataka kurudi kufanya nini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Alianza na mazoezi, kwani wapo wengi wa rika letu wanaotulia bila kisu. Nilifanya kwa bidii, goti likaendelea kuchomoka, ndipo tukakubaliana upasuaji. Walinichoma sindano ya mgongo; kiunoni kushuka chini sikuwa na habari. Kwenye skrini nililiona goti langu kwa ndani, gegedu jeupe linang'aa, na ile kano imechambuka nyuzinyuzi. Wakachukua kano za nyuma ya paja langu mwenyewe, wakazikunja, wakazipitisha kwenye matundu waliyotoboa mifupani.

Kazi kubwa ilikuja baadaye. Taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti linyooke kabisa. "Kaza paja, mama, kaza!" ananihimiza kijana wa mazoezi tiba. Machozi yananitoka. Miezi mitatu baadaye nilijiona nimepona, yule kijana akanikatalia kukimbia kwa kugeukageuka: kano ya kupandikiza ilikuwa bado inaota mishipa ya damu, haijakomaa. Nilimsikiliza.

Mwaka ulipokaribia kutimia aliniambia niruke kwa mguu mmoja, akapima kwa futi, kisha niruke kwa wa pili. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Jumatatu nikarudi uwanjani na filimbi yangu.