Tiketi Isiyogongwa

Vituo vya treni vya Berlin havina geti. Yeyote anayekwenda kule ningependa alijue hilo kabla ya mengine yote. Unashuka ngazi kutoka barabarani, unajikuta jukwaani, treni inakuja, unaingia, na hakuna anayekuuliza kitu. Mimi naishi Chicago, ambako usipogusisha kadi kile chuma hakizunguki na hupiti. Basi nilisimama pale nikitafuta pa kupitia, kumbe nilishapita.

Tiketi nilikuwa nayo. Niliinunua kwenye mashine, zaidi ya euro 3 kwa safari moja, nikaikunja vizuri na kuiweka kwenye pochi pamoja na pasipoti. Nilivaa gauni la kitenge ambalo mama alinishonea Lindi, maana nilikuwa nakwenda makumbusho kumwona mjusi wa kwetu, yule dinosaria wa Tendaguru, na sikutaka kumwendea nimevaa hivi hivi.

Kituo cha pili wakaingia vijana wawili, mmoja na kofia ya kapelo, mwingine na begi mgongoni. Nikajua ni abiria kama sisi. Milango ilipofunga wakatoa vitambulisho vilivyoning'inia shingoni: "Fahrkarten, bitte." Watu wakainua simu zao bila hata kuacha wanachosoma. Nami nikampa wa kofia tiketi yangu, safi, haina hata alama. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaniambia kwa Kiingereza kwamba haijagongwa, tushuke wote kituo kinachofuata.

Tuliposhuka ndipo akanionyesha. Jukwaani, kando ya ngazi, kuna kisanduku kidogo kimesimama juu ya mguu wa chuma. Unachomeka tiketi, kinalia, tiketi inatoka na tarehe na saa. Isipokuwa na chapa hiyo unahesabiwa umepanda bure, kwa sababu ungeweza kuitumia hiyo hiyo tiketi wiki nzima. Hoja hiyo naielewa. Nilichoshindwa kukielewa ni kwamba mtu mzima ameshika tiketi aliyoinunua dakika kumi zilizopita, pasipoti yake ina mihuri ya juzi, anaeleza kwa utaratibu, na yule kijana anatikisa kichwa tu huku akibonyeza mashine yake. Hakunifokea, hakunidharau, wala hakunisikiliza. Euro 60. Nililipa kwa kadi, akanipa risiti ndefu, akanitakia siku njema.

Euro 60 ni karibu dola 70. Ni pesa ya kulipa vibarua wampalilie mama ufuta wake. Nilikaa kwenye benchi nikaanza kusema peke yangu, kama ninavyofanya nikikasirika, na nikikasirika Kiingereza hakiji. "Jamani, tiketi si hii hapa? Wanataka niimeze?"

Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha usafi akasimama. "Mama, unasema Kiswahili?"

Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo. Akaomba tiketi, akaiangalia, akacheka kwa huruma, si kwa kunicheka. "Pole sana, mama. Na miye balinikamataka mara mbili. Kila mutu mugeni anapitaka mu iyo shule." Akanishika mkono kama mtoto wake, tukaenda hadi kwenye kisanduku, akaniambia niigonge sasa, mbele yake, nisikie inavyolia. Nikaigonga. Ikalia. "Basi," akasema, "sasa huyu mashini anakujua."

Nilitaka kumpa chochote, akakataa. Nilipomwuliza kama amezoea maisha ya pale alifikiri kidogo, akasema watu wa huku hawakuibii, lakini pia hawakusamehi. Neno lake hilo nimelibeba hadi nyumbani.

Kabla ya Berlin nilikuwa na siku nne za München na Salzburg, na kwa kweli sina mengi ya kusema juu yake. Milima ni mizuri na makanisa yamejaa dhahabu. Ninachokumbuka ni joto. Julai, nyuzi 33, hoteli ya bei ambayo kwetu Chicago ingekupa bwawa la kuogelea, na chumba hakina kiyoyozi wala feni. Nilipouliza mapokezi nikaambiwa nifungue dirisha. Nilifungua, likaingia joto jingine. Mkahawani maji ya kunywa unalipia kama soda, glasi ndogo, bila hata kipande cha barafu. Choo cha stesheni nacho euro moja, na usipokuwa na sarafu unasimama mlangoni unabana. Marekani ina mabaya yake mengi, lakini maji ya bomba yenye barafu hukuta yameshaletwa mezani hata kabla hujaagiza chakula, na hilo sasa ninalihesabu kuwa utu.

Lakini niseme na la upande wa pili. Usiku mmoja Berlin, saa tano, barabara tupu, taa ya waenda kwa miguu nyekundu, watu sita wamesimama hawavuki. Nami nikasimama. Na chupa: ya plastiki unalipia senti 25 za ziada, unairudisha kwenye mashine dukani unapewa pesa yako. Niliona kijana amemaliza soda yake, hakuitupa pipani, akaiweka chini kando ya pipa, wima. Dakika chache baadaye akapita bibi mmoja na mfuko, akaiokota bila kuinamia taka. Hawakuonana. Nilikaa nikiitazama ile nafasi tupu kando ya pipa muda mrefu. Inawezekanaje nchi iwe na wema mpole namna hiyo, kisha inidai euro 60 kwa chapa moja?

Siku ile ya tiketi nilifika makumbusho mchana.

Wanaotoka Lindi hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: Tendaguru ni kilima kaskazini magharibi ya mji wetu, nchi ya Wamwera. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Huo ulikuwa wakati wa Majimaji, kusini yote iko kwenye vita na njaa. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale, na mamia ya vibarua wa kwetu. Msimamizi wa vibarua, fundi aliyejua kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa iliyotolewa ni zaidi ya tani 200, na hakukuwa na gari wala punda. Wapagazi waliibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi Lindi, ikapakiwa melini.

Shuleni tulisimuliwa habari za mjusi aliyeungwa kwa mifupa hiyo kama hadithi. Sasa yuko mbele yangu, chini ya paa la vioo. Mita 13 na zaidi kwenda juu. Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, kifua kama jahazi lililopinduliwa, na kichwa kiko juu kiasi kwamba nilishika mtandio usidondoke nilipokitazama. Watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha kwa lugha kumi. Nami machozi yalinitoka, na sioni haya kulisema.

Nikampigia mama simu ya video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo huyo?"

"Ndiye."

"Inua simu, nimwone kichwa."

Nikainua mkono hadi mwisho. Akanyamaza. Kisha akasema babu yake alikuwa akisimulia juu ya wapagazi, jinsi mabega yalivyochubuka, na jinsi walivyokuwa wakiimba ili mtu asisikie uzito. Wimbo wenyewe haukumbuki. Aliujua alipokuwa mdogo, alisema, lakini ulimtoka.

"Na humo ndani umeingia bure?"

"Nimelipa, mama."

Akanyamaza tena. "Haya. Basi mwangalie vizuri."

Suala la kumrudisha limezungumzwa bungeni Dodoma zaidi ya mara moja. Wapo wanaosema hatuna jengo la kumweka, wapo wanaosema mapato yagawanywe. Mimi si mwanasiasa. Najua tu kwamba asubuhi ile nilitozwa kwa kukosa chapa kwenye karatasi niliyoinunua kwa pesa yangu, na mchana nikasimama mbele ya tani za ardhi ya kwetu zilizosafirishwa wakati ambao mwenye kilima hakuwa na wa kumwuliza. Nataka Ujerumani inayoijali tiketi yangu kiasi kile iijali na hiyo. Jina la Boheti wanasayansi walilikumbuka mwaka 2007, walipompa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Ilichukua karibu miaka mia.

Nilirudi Chicago Jumapili. Uwanja wa ndege wa O'Hare kuna kiunzi cha dinosaria aitwaye Brachiosaurus, yule ambaye mifupa yake ya kwanza ilichimbwa Colorado mwaka 1900. Nimempita mara nyingi mno nikiwahi ndege, nikivuta sanduku. Safari hii nilisimama. Yule wa Colorado hakupatikana mzima, na sehemu zilizokosekana walizitengeneza kwa kufuata mifupa ya Tendaguru.

Nikampiga picha, nikamtumia mama. Kwake ilikuwa usiku wa manane lakini alikuwa macho. Akajibu kwa sauti: "Huyo naye wa kwetu?"

"Vipande, mama," nikamwambia. "Vipande vyake."