Siku sabini za baba mdogo

Baba mdogo alifanya kazi miaka 23 katika kiwanda kimoja cha mitambo mizito kando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, akichonga shafti na gia za matrekta na za mashine za kusaga kokoto, mpaka asubuhi moja yeye na wenzake walipokuta lango limefungwa na orodha ya majina imebandikwa ukutani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama chao kuhusu watakaoondoka na malipo yao. Hayo yote yalirukwa. Kilichofuatwa ni kiinua mgongo, ambacho kwa kima cha chini cha sheria hiyo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ila hesabu hukoma kwenye mwaka wa 10. Miaka 13 ya baba mdogo ikawa kama haikuwapo, naye akaondoka na mshahara wa siku 70. Ukomo huo naupinga kabisa, kwa sababu katika kazi ya kukereza chuma ni baada ya miaka kama kumi ndipo fundi anapoanza kuachiwa shafti kubwa peke yake.

Nchi tajiri nazo zimeyaona haya. Mwaka 1987 wafanyakazi wa Caterpillar, kampuni ya Marekani ya mitambo mizito, huko Uddingston, Scotland, walikikalia kiwanda chao kwa siku 103 kupinga kufungwa kwake, na bado kilifungwa. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kufunga kiwanda cha Gosselies, Ubelgiji, chenye wafanyakazi takriban 2,000.

Mashine za kiwanda cha baba mdogo ziliuzwa kama chuma chakavu. Yeye sasa yuko eneo la Gerezani, jijini humo, katika karakana ya kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha kazi, akilipwa kwa kipande. Mwezi uliopita alikuja mteja mwenye mtambo wa kokoto kule Kunduchi, akiwa na gia kubwa iliyokatika meno. Baba mdogo aliipima kwa utulivu, akaandika vipimo vyote kwenye kijitabu chake, kisha akamwambia kuwa kuichonga anaweza, lakini mashine ya kuichongea waliipima kwa kilo wakaiuza.