Nilivyoigawa 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Binamu yangu wa kidato cha sita alikuja likizo Moshi, akakaa dukani nami karibu na soko la Mbuyuni, akaniambia habari za Fermat. Huyo mwanahisabati Mfaransa wa miaka ya 1600 aliziangalia 3, 5, 17, 257 na 65,537, akaona zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, akaamini kuwa na inayofuata ni tasa: 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1 (zile za kwanza zina vipeo 1, 2, 4, 8 na 16). Ndiyo hiyo 4,294,967,297. Kalkuleta yetu ya dukani ina tarakimu nane, haiingii, basi nikaamua kuitafutia kigawo kwa mkono.

Mwalimu wake wa tuisheni alimwambia kwamba namba isipogawanyika kwa namba tasa zilizo chini ya 100, basi nayo ni tasa. Nikaamini. Nilimaliza kurasa nyingi za kaunta buku. Usiku mmoja umeme umekatika, nagawa kwa 97 kwa mwanga wa simu, baki ikawa 0! Nilimwamsha mama. Asubuhi nikazidisha kurudi, haikulingana; nilikuwa nimekosea kukopa. Kila ukipata baki 0, zidisha kurudi kabla hujamwamsha mtu. Na ule ushauri wa 100 unaniudhi mpaka leo, maana kwa namba hii ni lazima ujaribu mpaka karibu 65,536, yaani kipeuo chake cha pili, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542.

Aliyeniokoa ni jirani yetu wa Majengo, mwalimu mstaafu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unajaribu kila kitu? Kigawo chochote cha namba hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1.”

Akanionyesha sababu kwenye bahasha kuukuu. Nikarudi dukani nikajumlisha 64 juu ya 64, nikaongeza 1 kila mara, nikafuta zisizo tasa. Zikabaki 193, 257, 449, 577, 641 na kuendelea. Kutoka maelfu, nikawa na chache tu! Nne za kwanza zikakataa.

Kwa 641 niliandika kwanza pembeni 641 mara 1 mpaka mara 9; fanya hivyo, utakosea kidogo sana. 4294 toa 3846, baki 448. Shusha 9: 4489 toa 4487, baki 2. Kisha sifuri mbili mfululizo. 2672 toa 2564, baki 108. 1089 toa 641, ikarudi 448. Ilibaki tarakimu moja ya kushusha, 7, nayo ikafanya 4487. Namba hiyo nilikuwa nimeshaiandika juu, 641 mara 7. Mkono ulitetemeka kabla sijatoa.

Jibu ni 6,700,417. Nikazidisha kurudi mara mbili, ikalingana. Basi si tasa, Fermat alikosea. Mwanahisabati Euler aliipata 641 hiyohiyo mwaka 1732.

Jioni nilimpelekea Mwalimu. Alivaa miwani, akafuata mstari kwa mstari, akaomba kalamu nyekundu, akapiga tiki kubwa.