Hela ya Shangazi

Treni ilipopita Goweko nikasimama kutoa begi juu. Mama mmoja niliyekaa naye tangu Dodoma, aliyekuwa bado ana mifupa ya kuku wa Saranda kwenye mfuko, akanishika mkono. "Kaa mwanangu, Igalula bado hiyo." Nikakaa. Sikuwa nimekanyaga Tabora kwa miaka 16.

Miaka hiyo yote nilikuwa Frankfurt, nikihudumia wazee. Huko ndiko nilikojua kwamba kampuni iliyojenga Reli ya Kati, Philipp Holzmann, ilikuwa ya mji uleule niliokuwa naishi. Kazi ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, kwetu Tabora 1912, na Kigoma 1914. Majina ya wahandisi yameandikwa. Waliobeba udongo wa tuta wanaitwa vibarua, basi. Mmoja wa vibarua hao ni babu yake Shangazi, na hilo ndilo lililonirudisha, kwa sababu Shangazi ana miaka 82 na ndiye wa mwisho anayeyajua mambo haya kwa kuambiwa na waliokuwepo.

Nilimkuta uani, chini ya mwembe, anachambua karanga.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Kaa hapo unisaidie."

Nikakaa kwenye kigoda, tukachambua. Hakuniuliza habari za Ulaya hadi ungo ulipojaa.

Kabla ya garimoshi, Wanyamwezi ndio tuliokuwa garimoshi. Babu yake alikwenda Bagamoyo mara tatu na pembe za ndovu begani, mzigo wa frasila mbili (kama kilo 32), miezi mitatu hivi kwenda. Shangazi anasema bega lake la kushoto lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, na wajukuu walipenda kuligonga kwa vidole. Wajerumani walipotafuta watu wa kuchimba, akaenda na sururu. Kwa hiyo reli iliyofika Tabora ndiyo iliyomwondolea kazi aliyorithi kwa baba yake, naye akaijenga kwa mikono yake. Nilimuuliza Shangazi kama mzee aliwahi kulalamikia hilo. Akasema, "Alilalamikia mataruma." Hivyo ni vile vipande vinavyolazwa chini ya reli. Yalikuwa ya chuma, si ya mti, kwa ajili ya mchwa, na juani yalichoma viganja.

Lakini aliyejenga nyumba yetu ni mkewe. Bibi huyo alifuata kambi za wajenzi akiuza uji na karanga za kuchemsha, na reli ilipofika mjini akabaki karibu na stesheni, akaendelea kuuza. Mimi nimekua nikisikia "familia yetu ni ya reli", nikidhani maana yake ni wanaume. Siku ile uani nilielewa kwamba chumba cha kwanza kilitokana na chungu cha uji.

Shangazi akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye kutu mdomoni. Akanimwagia kiganjani sarafu nne za shaba njano. Nikaifuta moja kwa shati: taji, chini yake 1916, herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, jina la koloni la Wajerumani hapa kwetu, na T ndogo. Upande wa pili, 20 Heller. Hiyo ndiyo hela yenyewe, neno tunalolitaja kila siku sokoni bila kukumbuka lilikotoka.

T ni Tabora. Sarafu hizi zilipigwa hapahapa, katika karakana ya reli. Vita ilikuwa imepamba moto, manowari za Waingereza zimeziba bahari, pesa kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ya Wajerumani imekimbilia Tabora ikidaiwa mishahara na askari. Mafundi wa reli wakageuzwa wapiga sarafu. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walitengeneza za rupia 15 zenye tembo, ambazo leo wakusanyaji huzigombania. Hizi za shaba zilitoka kwenye maganda ya risasi na mabaki mengine, na ndizo zilizomfikia muuza uji.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia mjini. Baadaye wakaja Waingereza, na shilingi ikachukua nafasi ya rupia na hela zake. Bibi alikuwa na kopo limejaa hela zisizonunua hata chumvi. Nyingi alizitoa kwa fundi akafua vikuku. Nne akakataa kuzitoa.

Mwanawe, yaani babu yangu, alichochea moto kwenye kichwa cha treni, kisha akahamia karakana ileile. Shangazi anakumbuka mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1960: "Tulikula matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, asubuhi, matobolwa jioni. Baba anakaa hapo mlangoni, hasemi." Hapo naye akanyamaza kidogo, akashika kizingiti kama vile mtu bado amekaa.

Nilikwenda stesheni kesho yake. Jengo la Wajerumani bado limesimama, na wasafiri wamelala kwenye mizigo yao. Nilitembea jukwaa zima nikisoma kila maandishi ukutani, nikijua ninachokitafuta, majina ya vibarua, hakipo, na bado iliniuma.

Jioni nikanunua daftari kubwa la mistari. Shangazi akakaa kitandani, miguu imenyooka, akaanza kunitajia: waliochimba, waliopika, waliokufa kwa homa kambini, nani alizaa nani. Naandika, ananirudisha nikikosea. Tulipofika jina la saba honi ikalia mbali. Akainua kidole.

"Hiyo ya Mwanza," akasema, akasubiri ipite, kisha akanitajia la nane.