Nilivyosimama juu ya wimbi, na ushauri wa magoti ulivyoniponza

Ukitaka kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, atakayekuambia uanze kwa kupiga magoti juu yake, mkimbie. Mimi niliambiwa hivyo na watu zaidi ya mmoja, tena kwa uhakika mkubwa: "Panda magoti kwanza, ukishazoea ndipo usimame." Nikaingia baharini peke yangu na ubao wa kuazima, mfupi na mwembamba, maana haohao walidai ule mrefu ni wa watoto.

Povu la wimbi lililokwisha kuvunjika likanisukuma, nikajiinua, magoti yakakaa. Raha tupu! Sasa simama. Ukishapiga magoti, huwezi kuinua mguu mmoja bila kuuegemea wa pili, na ubao ukishaegemea upande mmoja hauna habari na wewe tena. Ukapinduka. Nikaenda chini kichwa kikitangulia, maji ya chumvi yakanipanda puani hadi nyuma ya macho. Kuibuka tu, ubao ukavutwa na ile kamba inayoufunga kwenye kifundo cha mguu, ukanirudia na kunigonga bega. Nikapanda tena kwa ukaidi. Safari hii ukanigonga bega la pili, nadhani kwa kutenda haki.

Ndipo nikamtafuta mwalimu wa palepale ufukweni, kijana aliyekulia kwenye maji yale. Malipo yake hayakuwa ya kutisha. Aliuweka kando ubao wangu bila hata kuujadili, akanipa wa sponji, futi tisa hivi, mpana kama mlango. Majini hatukuingia kwanza. Tulikaa tukiyatazama mawimbi, akaniuliza, "Kaka, wewe ungeingilia wapi?" Nikamwonyesha palipotulia, pasipo na povu. Akacheka. Kumbe hapo ndipo maji yaliyosukumwa na mawimbi hupata njia ya kurudi kilindini. Mkondo huo ukikubeba usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, kisha ndiyo urudi. Katika washauri wangu wote, nani alilitaja hilo?

Kusimama tulifanyia mazoezi mchangani: viganja chini ya mbavu, sukuma, miguu yote miwili ije kwa mpigo mmoja. Magoti hayagusi kitu. Yakabaki macho. Kila nikiinuka natazama vidole vya miguu, kana kwamba vitatoroka, na kichwa kikiinama mwili wote unafuata. Mwalimu akabuni dawa yake. Alisimama upande wa nchi kavu, maji yakimfika magotini, akainua mkono: nikishasimama, nitaje kwa sauti amenyoosha vidole vingapi.

"Vitatu!" nikapayuka, nikaanguka.

"Vinne. Ulichungulia chini. Rudia."

Wimbi lililofuata nikapiga kelele "Viwili!", nikampita huku akipunga mkono, nikaendelea hadi mapezi yaliyo chini ya ubao yakakwaruza mchanga. Nilikuwa bado nimesimama, na sikujua nishukeje.

Mengine: ukitembea nao majini, ubao usikae kati yako na wimbi, utakupiga kifua. Ukianguka, anguka bapa na ukinge kichwa kwa mikono. Vaa fulana ya kubana, la sivyo tumbo litachubuka. Asubuhi, kabla upepo haujachachamaa, mawimbi huja kwa mpangilio zaidi.

Mawimbi ya nje, ambayo hayajavunjika, bado yananipita. Napiga maji kwa mikono yote, na mabega yananiishia kabla ubao haujashika kasi. Mwalimu anasema hapo hana ujanja wa vidole, nikaogelee.